Natoboa makombe ya baharini kutengeneza shanga za kale, yanapasuka yote. Nani anajua kutoboa?

BintiGae (mleta mada)

Wakuu, habari za humu ndani. Swali langu ni fupi, ila nikiliuliza bila maelezo mtadhani nimechanganyikiwa, kwa hiyo nivumilieni.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, akiolojia, hapa Dar. Ninachosomea ni magae. Vipande vya vyungu vilivyovunjika zamani, kabla Kilwa haijawa Kilwa ile mnayoisikia. Pwani yetu yote, kuanzia kaskazini ya Kenya mpaka Msumbiji pamoja na visiwani, ukishuka kwenye tabaka za karne ya 7 mpaka ya 10 unakutana na vyungu vya namna moja, vimechanjwa pembetatu pembetatu shingoni. Profesa Felix Chami ameviandika sana kwa jina la hizo pembetatu, wengine wanaviita vya mapokeo ya Tana, na kuna watu wamenuniana miaka kwa sababu ya hayo majina mawili. Mimi simo. Mimi naosha magae, nayapiga namba, nayachora.

Sasa katikati ya magae hayo kuna yenye mfereji. Mtu aliokota kipande cha chungu kilichovunjika, akasugulia kitu juu yake tena na tena mpaka kukawa na mtaro mwembamba. Pale Tumbe, Pemba, yamepatikana kwa wingi sana, na kwenye mji wa kale uitwao Shanga, kisiwa cha Pate kule Kenya, yapo. Wachimbaji wanasema yalitumika kusagia shanga za makombe. Kwa Kiswahili sijaona jina lake popote, basi kwenye daftari langu nimeyaita vinoo vya shanga.

Mezani kwangu maabara kuna vinoo vichache. Kimoja nakipenda kupita kiasi. Kina ukubwa wa kiganja cha mtoto, chekundu nje, cheusi ndani kwa moshi wa kupikia, na kina mifereji miwili sambamba. Wa kwanza umekwenda mpaka mwisho, laini kabisa, ukipitisha ukucha hausikii kitu. Wa pili umeishia njiani. Mtu alianza, akaacha. Aliitwa kula? Mtoto alilia? Mvua? Nikiwa peke yangu huwa nakigeuza geuza kile kipande kama mtu anayesubiri kijibu.

Tatizo lilianza siku msimamizi wangu aliponiuliza, kwa upole, hivi una hakika gani kwamba vilisaga shanga? Kwa nini visiwe vya kunolea ndoana? Au kulainishia mishale ya mbao? Nikabaki nimetoa macho. Nilichokuwa nacho ni kwamba wakubwa wameandika hivyo.

Ndipo nikaamua kusaga shanga mwenyewe. Hii haimo kwenye utafiti wangu rasmi na haina fedha ya mtu, ni jambo langu la Jumapili. Nilinunua chungu kipya barabarani, nikakipiga nyundo mbele ya mama yangu. Mpaka leo hajanisamehe. Makombe naomba kwa mama mmoja feri, yale yenye mistari kama kuti, nyama anauza yeye, maganda ananipa bure na kicheko juu. Nayavunja vipande, nabana kingo kidogo kidogo kwa koleo mpaka yanakaribia mduara, natoboa katikati, halafu nasaga kingo kwenye gae.

Kusaga kunakwenda. Udongo wa chungu una chembe za mchanga ndani, unauma ganda kama msasa. Kutoboa ndiko kunakoniua. Nimejaribu vipande 40, 31 vimepasuka. Msumari na nyundo: vumbi tupu. Mashine ya umeme ya binamu yangu: inanuka kama nywele zinazoungua kisha ganda linapasuka pande mbili. Kilichofanikiwa ni kupekecha msumari kwa viganja, kama wazee walivyokuwa wakipekecha moto, lakini tundu moja linanichukua karibu dakika 50 na viganja vimetoka malengelenge. Kwa mwendo huo shanga za shingo moja ni mwaka mzima. Haiwezekani mtu wa karne ya 8 aliishi hivyo.

Kwa hiyo: kuna mtu humu anayetoboa makombe, vifuu, pembe, kitu chochote kigumu kinachopasuka? Anatumia nini? Na kama una bibi au shangazi anayekumbuka shanga za kutengeneza kwa mkono, niulizie hata neno moja tu. Nina daftari la maneno, nilianza na ya ufinyanzi (nyumbani tuliita mdomo wa chungu kwa majina matatu tofauti, kila shangazi na lake) na sasa limejaa mpaka jalada. Hilo nalo ni jambo langu binafsi, kama lile la kupiga picha mibuyu. Anayetaka kujua ya mibuyu aniulize, nisijaze uzi.

Mahali magae yangu yalipotoka sitaji. Wachimba rupia, nyie wa kutafuta sarafu za Mjerumani zilizofukiwa, mnajijua.

---

Ngosha_wa_Tabora

Dada hapo mwisho umetugusa. Sisi si wezi, tunatafuta maisha.

Mimi swali langu ni tofauti kidogo na mada. Kuna jiwe huku kwetu lina alama ya msalaba na mshale, mzee mmoja amethibitisha babu yake aliwaona Wajerumani wakifukia sanduku usiku. Mganga ameshasafisha eneo. Tunakwama kwenye kusoma ramani. Wewe msomi wa mambo ya kale huwezi kuja kutuangalizia? Tutakukumbuka.

---

BintiGae

Kaka Ngosha, nimecheka lakini nakujibu kwa heshima maana kila msiba na kila harusi naulizwa hili.

Rupia za Mjerumani zilianza kupigwa 1890. Magae yangu ni ya karne ya 8. Hapo katikati kuna miaka elfu moja na mia na ushee, kwa hiyo hata ningekuwa hodari wa mishale na misalaba, mimi ni fundi baiskeli unayemuuliza habari za ndege. Na wewe upo Tabora kabisa, penye habari tamu kuliko sanduku: 1916, vita imewabana, Wajerumani walipiga sarafu papo hapo Tabora kwenye karakana ya reli. Ile ya dhahabu ya rupia 15 ina tembo. Hiyo ipo, imeandikwa, huna haja ya mganga. Jiwe lenye mshale ukilichimba bila leseni unakutana na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, nayo haisafishwi.

Na kama mapenzi yako ni sarafu, acha nikuibie moyo. Sarafu za shaba za Kilwa zina vina. Upande mmoja kuna jina la sultani, Ali bin al-Hasan. Geuza: *yathiqu bi-mawla al-minan*, yaani anamwamini Mola mwenye neema. Hasan, minan. Jina la mtawala na dua yake vimefungwa kwa kina kama mishororo miwili ya shairi, na ili umalize shairi lazima ugeuze sarafu mkononi. Tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, 1944. Watu wanabishana mpaka leo zilifikaje. Mimi nikisikia hivyo sanduku la Mjerumani silitaki tena.

---

Mkweli_Mchungu

Samahani dada, sipendi kuvunja watu moyo ila hili lazima lisemwe. Vijana wamejaa mtaani hawana kazi, wewe umekaa uani unasaga makombe. Hizo shanga hata ukijua zilitobolewaje, zinamletea nani unga? Ungesoma uhasibu.

---

BintiGae

Mkuu, ya ajira sina jibu la kukuridhisha na sitajifanya ninalo. Mama ameniuliza swali hilohilo siku ya chungu.

Ila nikwambie kilichonivuta. Ukisema historia ya pwani, mtu anaona kasri la Husuni Kubwa na misikiti ya mawe na yule msafiri Ibn Battuta akishuka Kilwa 1331. Yale ni ya baadaye. Hapo nyuma, kwa karne kadhaa, wengi wa wazee wetu walikaa nyumba za fito na udongo, wakala uwele na samaki, wakafua chuma wenyewe (mavi ya chuma tunayakuta kwa ndoo). Pemba waliochunguza mbegu zilizoungua wameona wali ulikuja kushika chakula baadaye, tabaka za chini ni uwele. Watu hao hawakuacha msikiti wa kupigia picha. Waliacha jivu, mifupa ya changu, na kile kipande chenye mfereji ulioishia njiani. Nisipokishika mimi nani atakishika?

Halafu kuna hili linanisumbua usiku. Shanga za kioo zilikuwa zinakuja kutoka ng'ambo ya bahari, India huko. Hawa watu walikuwa wanazipata. Lakini bado wakaketi kusaga makombe, kwa wingi ule. Kwa nini? Zilikuwa za nani, za kuvaa nyumbani au za kupeleka bara kubadilishana? Kama kutoboa ni dakika 50 jibu ni moja, kama ni dakika mbili jibu ni lingine kabisa. Ndiyo maana nauliza habari ya tundu.

Uhasibu nilijaribu muhula mmoja. Tuyaache.

---

Mpwani254

Dada BintiGae, salamu kutoka Mombasa. Mada tamu hii, nimeisoma nikasahau chai.

Mimi si mtaalamu mkubwa ila nimefanya kazi ya kibarua kwenye machimbo huku kwetu misimu kadhaa, kubeba ndoo na kuchekecha mchanga, na katika kuchekecha ndimo mtu hujifunza mengi. Msimamizi wako akuuliza swali la haki. Wewe wasaga shanga tu. Basi ukipata mfereji, utalinganisha na nini? Chukua chungu hichohicho ulichokivunja, kipande kimoja nolea ndoana, cha pili lainishia kijiti, cha tatu saga shanga. Hesabu mapigo, usihesabu dakika, maana siku nyingine wachoka. Kila mapigo mia tano pima upana na kina. Ukimaliza weka vipande vitatu kando ya kile unachokipenda, utazame kwa lenzi. Kama vyote vyafanana, mwambie mwalimu wako ukweli huo.

Jambo la pili. Je, wasaga moja moja? Mimi nionavyo, ukisaga kila kipande peke yake kwa vidole, mfereji hautakuwa wa mviringo chini, utakuwa bapa. Hebu zitungie uzi kwanza, zikae kama mshikaki, kisha usugue mtungo mzima ndani ya mfereji ukiuzungusha. Zitatoka sawa zote. Ila hapo warudi kwenye tundu, kwani bila tundu hakuna mtungo.

Na ya mibuyu twaitaka, usituache hivyo.

---

BintiGae

Mpwani, asante sana. La mtungo lilikuwa limenipita kabisa, naona aibu. Vidole vyangu vitakushukuru, ukucha wa gumba la kulia nimeshausaga pamoja na kombe.

Mibuyu, kwa ufupi basi: magofu mengi ya pwani yana mibuyu mikubwa juu yake au pembeni. Waliopita Kaole karibu na Bagamoyo wanaujua ule wa pale, watu wanauzunguka wakitaka umri mrefu. Nikisafiri kwa basi kwenda kusini nakaa dirishani upande wa bahari, nikiona kundi la mibuyu naandika kilomita na kijiji. Likizo narudi kwa pikipiki, naomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, natembea chini naangalia kama kuna magae. Siokoti. Napiga picha, naweka kwenye ramani, narudi. Mara nyingi hakuna kitu, ni mibuyu tu na mbuzi. Mara moja nilikuta mtoto anachezea kipande chenye pembetatu, ananiuliza na mimi nacheza kibaba?

---

Nesi_wa_Zamu

Mdogo wangu, mimi shanga sijui ila nimesoma "vumbi tupu" nikashtuka. Hilo vumbi la maganda unalivuta? Usisage kikavu. Weka maji kwenye gae, saga ikiwa tope, mwaga, weka tena. Na barakoa vaa ile ya mafundi. Kitambaa hakitoshi. Hao wa zamani nao nina hakika walisaga na maji, nani angekaa kwenye vumbi hilo karibu na mtoto?

Malengelenge usiyapasue.

---

Fundi Vyombo

Assalaam alaykum. Mwanangu, mie ni mtu mzima, simu hii kaninunulia mjukuu na ndiye anayeniandikia. Kanisomea swali lako mara mbili maana sikuamini kuwa msomi anahangaika na jambo hili.

Unachokitafuta kinaitwa keke.

Mie ni fundi wa vyombo, majahazi na mashua, toka nikiwa mtoto wa kushika taa kwa baba. Mbao ya chombo haipigwi msumari hivihivi, itapasuka, kama kombe lako. Inatobolewa kwanza. Na umeme pwani ya kujengea haukuwepo. Tulitoboa kwa keke, na mie hadi leo kazi ndogo naitoboa kwa keke.

Keke ina vitu vinne. Kuna kijembe, hicho ndicho chuma kinachokula. Kijembe kimetiwa kwenye msukano, kipande cha mti mgumu kilichochongwa duara. Juu ya msukano kuna jivu. Si jivu la jikoni, ni kishikio chenye shimo, msukano unazunguka ndani yake na wewe unakikandamiza kwa mkono wa kushoto. Halafu kuna uta. Kamba ya uta unaizungusha msukano mara moja, unavuta na kurudisha kama mtu anayekata kwa msumeno. Msukano unakwenda huku, unarudi kule. Kupekecha kwako kwa viganja ni keke isiyo na uta, ndiyo maana unachoka.

Kwa kombe, kijembe kisiwe kipana. Chukua msumari wa inchi tatu, upige bapa kwenye ncha, unoe pande mbili. Kipande chako usikishike kwa vidole, kitakuruka. Chimba kijishimo kwenye ubao, kiketishe humo, tia nta kidogo pembeni kikae. Tia tone la maji. Usikandamize. Keke hailazimishwi, inaachwa ile yenyewe. Na hapa ndipo wengi wanapoharibu: usitoboe upande mmoja mpaka utokee wa pili. Ukifika nusu, geuza. Anza upande wa pili mpaka matundu yakutane katikati. Ukitokezea upande mmoja, pale mwisho ndipo panapopasuka.

Shanga ikishatoka, kama wataka ing'ae, tafuta majani ya mti wa msasa. Hiyo karatasi ya dukani imechukua jina lake humo.

---

BintiGae

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma nikasimama nikazunguka chumba.

Hiyo ya kutoboa pande mbili, tundu linakuwa na kiuno, si ndiyo? Pana huku, pana kule, jembamba katikati. Naomba nisiseme sana kabla sijahakikisha, ila Jumatatu naomba ufunguo wa kabati.

Na neno *msukano* sikuwa nalo. Nimeliandika ukurasa wa kwanza.

---

BintiGae (baada ya wiki mbili)

Wakuu, nimerudi na ripoti. Anayetaka picha asubiri, nyaya za simu yangu na kompyuta hazielewani.

Keke nimeitengeneza. Msukano nilichongesha kwa seremala wa mtaani kutoka kwenye mguu wa kiti kilichovunjika, akaniuliza ni wa nini, nikasema keke, kijana akaniambia keki zinauzwa dukani. Jivu nimetumia nusu ya kifuu, kikavu, nimekitoboa kidogo katikati na kukipaka mafuta ya nazi. Kijembe kama mzee alivyoelekeza. Uta ni fito ya mwanzi.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Msukano unaruka, kamba inateleza, kijembe kinachora duara nje ya alama kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Nilipasua vipande vitano, nikamwambia mama labda nirudi uhasibu. Alisema usitanie na jambo hilo.

Siku ya pili nikakumbuka "usikandamize". Nilikuwa naegemea jivu kwa uzito wote. Nikalegeza mkono. Sauti ikabadilika yenyewe: kwanza ilikuwa inakwaruza, ghafla ikaanza kuvuma, hafifu, kama nyigu ndani ya chupa, na tope jeupe likaanza kupanda kuzunguka kijembe. Nikageuza. Nikatoboa upande wa pili, nikasikia kijembe kimetumbukia. Niliinua kipande juani nikaona nukta ya mwanga. Dakika nne!

Tangu hapo nimetoboa 24, vimepasuka vitatu. Vingi sasa ni chini ya dakika nne. Mtungo nao ni kama Mpwani alivyosema: ukizitunga na kusugua zote pamoja zinatoka za kipimo kimoja, na mfereji chini unakuwa wa mviringo, mlaini. Ndoana imechora mfereji mkali wenye umbo la kabari na mikwaruzo ya urefu. Kijiti cha mbao hata mapigo elfu mbili hakijaacha cha maana kwenye gae langu, ingawa gae langu ni moja na chungu kimoja, mama hataki kusikia habari ya cha pili. Dada Nesi, nasaga na maji, na barakoa ninayo.

Kabatini nilipewa saa moja. Shanga za makombe tulizonazo ni chache mno kulinganisha na vinoo, jambo ambalo nalo ni swali la kulala nalo. Niliziweka chini ya hadubini moja baada ya nyingine. Kuna zilizolika sana hazisemi kitu. Zilizobaki nzima, tundu lina kiuno.

Hii haithibitishi keke. Kiuno kinaonyesha walitoboa pande mbili, uta hauonekani. Mtu anaweza kugeuza hata akipekecha kwa viganja, na mimi mwenyewe sikugeuza kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Msimamizi nilimwonyesha kila kitu mpaka malengelenge yaliyopona. Alichukua keke, akajaribu kwenye kipande kimoja, akakipasua, akasema "andika". Basi ile Jumapili yangu imeingia sura ya nne.

Kile kinoo cha mifereji miwili nilikipima tena. Mfereji ulioishia njiani ni mwembamba kuliko wa kwanza, na chini si mviringo, ni kabari. Yaani huenda mtu huyo hakuacha kusaga shanga katikati. Huenda alikuwa amemaliza shanga siku nyingi, mwingine akaja kunoa ndoana. Nimekaa na kipande kile miezi minane nikimwonea huruma mtu aliyekatizwa kazi, kumbe pengine ni mvuvi tu.

Mzee, nina swali moja la mwisho. Kamba ya uta inanikatikia. Nimejaribu katani, imedumu siku moja. Ya nailoni inateleza kwenye msukano, haishiki. Nyie mlitumia nini?

---

Ngosha_wa_Tabora

Dada hongera. Hiyo sarafu ya tembo nimeuliza bei yake. Jamani.

---

Fundi Vyombo

Marahaba mwanangu. Mjukuu kanisomea, nimefurahi, hasa hapo keke ilipovuma. Mtu akishaisikia ile sauti basi.

Uta tulitia ngozi. Ukanda mwembamba wa ngozi ya mbuzi, ulioloweshwa ukasokotwa ukakaushwa ukiwa umevutwa. Ngozi inashika msukano na haikatiki upesi. Usiibane sana, iache ilegee kiasi cha kupitisha vidole viwili, ukiushika uta uikaze kwa kidole gumba wakati wa kuvuta. Na msukano wako wa mguu wa kiti utakuwa umepakwa vanishi. Ikwangue hiyo, ndiyo inayokuteleza.